Samaki vamizi: kuwaua ni rahisi, kuwamaliza ndo shughuli

Kila ikitajwa habari ya samaki wageni waliovuruga ziwa au mto fulani, hakosi kutokea mtu akauliza, sasa si wavuliwe tu wote waishe? Swali halina ubaya, tatizo liko kwenye hilo neno "wote". Kuua samaki binadamu tunaweza tangu zamani, tena mara nyingi tunawaua hata bila kukusudia. Ila kuwaua wote, mpaka yule jike mmoja aliyejibanza chini ya mizizi kwenye kijito ambacho hata kwenye ramani hakipo, hapo ndo wataalamu na shahada zao wanakwama miaka ishirini, thelathini, na wengine mpaka leo bado wapo kwenye boti wanavuta nyavu.

Tuelewane kwanza, sio kila samaki mgeni ni vamizi. Wengi wanaopelekwa kwenye maji mapya wanakufa kimyakimya au wanaishi zao bila kusumbua. Vamizi ni yule anayezaliana mwenyewe, anasambaa, halafu anaanza kuharibu: anakula wenyeji, au anawanyang'anya chakula, au anatibua tope mpaka mimea ya chini inakosa mwanga, au kaja na magonjwa yake. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai, ilisema binadamu tumeshahamisha zaidi ya aina 37,000 za viumbe (samaki, mimea, wadudu, wote humo) na kati yao zaidi ya 3,500 ndo wana madhara yanayojulikana, hasara yake ikiwa zaidi ya dola bilioni 423 kwa mwaka kwa hesabu ya 2019. Kwa upande wa samaki wa maji baridi njia walizopitia hazina siri: bwawa la ufugaji limefurika, mtu kachoka na samaki wake wa mapambo akawamwaga mtoni, mfereji wa meli umeunganisha maji ambayo hayakuwahi kukutana, wavuvi wa mchezo walitaka samaki mkubwa wa kupigana naye kwenye ndoano. Na mara nyingi sana, hili watu hulisahau, ni serikali yenyewe iliyowapandikiza kwa nia njema kabisa. Gambusia, kale kasamaki kadogo, kalisambazwa karibu dunia nzima kaje kule viluwiluwi vya mbu, na huko kalikofika kakaona mayai na vifaranga vya samaki wenyeji navyo vinalika tu.

Maji baridi yana udhaifu wake ambao bahari haina kwa kiasi hicho. Ziwa kwa samaki ni kama kisiwa, waliomo wamekaa humo maelfu ya miaka na wenzao walewale, wengine hawajawahi kuona samaki mwenye mdomo mkubwa anayewinda, kwa hiyo hawajui hata kukimbia. Akiingia huyo, hawana pengine pa kwenda.

Sasa kwenye kudhibiti. Ukifuatilia kampeni zilizofanikiwa na zilizoshindwa utaona kila moja iliamuliwa na maswali matatu, hata kama wahusika wenyewe hawakuyauliza hivyo. Unaweza kumfikia kila samaki? Ukishamtoa, mwingine hawezi kuingia? Na nani anataka abaki? Hayo mawili ya kwanza yamejaa kwenye vitabu. La tatu linaonekana kama siasa ndo maana watu wa sayansi hulikwepa, lakini kwa maoni yangu ndo linaloua miradi mingi kuliko hayo mengine.

Tuanze na sumu maana ndo njia pekee inayokaribia kujibu swali la kwanza. Dawa inayotumika zaidi inaitwa rotenoni, inatoka kwenye mizizi ya mimea jamii ya kunde, na mmea wetu wa utupa una kemikali za ukoo huohuo, ndo maana ukipondwa ukatiwa majini samaki wanaelea (na ndo maana uvuvi wa namna hiyo unapigwa marufuku). Inaingia kupitia matamvua, ikifika ndani ya seli inazuia mitokondria zisitumie oksijeni, yaani samaki anakosa hewa huku maji yamejaa hewa. Kwa mamalia na ndege wanaokunywa maji yale kiwango kinachotumika ni kidogo na tumbo huivunjavunja sehemu kubwa, lakini kwa chochote chenye matamvua ni kilio, wakiwemo wadudu wa majini, planktoni na viluwiluwi vya chura. Jua na joto vinaiharibu ndani ya siku kadhaa, maji yakiwa baridi inaweza kukaa wiki nyingi. Ili isiteremke na mto ikaenda kuua wasiohusika, mwisho wa eneo watu wanamwaga pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau, kuizima.

Ikitumika mahali sahihi inafanya maajabu. Mto Rondegat, milima ya Cederberg huko Afrika Kusini, ulikuwa umevamiwa na besi wa mdomo mdogo kutoka Amerika Kaskazini, aliyeletwa kwa ajili ya wavuvi wa mchezo, na kwenye kipande alichokalia samaki wadogo wa asili ambao hawapatikani popote nje ya eneo hilo walikuwa wamefutika karibu wote. Mwaka 2012 shirika la hifadhi la CapeNature likatia rotenoni kwenye kama kilomita nne, likarudia 2013 kuhakikisha. Wenyeji wakarudi. Lakini angalia ule mto ulivyokaa: chini kuna kizingiti cha zege kinachozuia besi wasipande, juu kuna maporomoko, na juu ya maporomoko wenyeji walikuwa wamebaki salama, kwa hiyo mto uliposafishwa wao wenyewe wakateremka wakajaza nafasi. Kipande kifupi, milango miwili imefungwa, mbegu ipo juu inasubiri. Maji ya namna hiyo ni machache, na mtu anayesema "kwani Rondegat si waliweza" huwa anakisahau hicho kizingiti.

Linganisha na Ziwa Davis kule California. Mwaka 1994 waligundua paiki wa kaskazini, samaki mla wenzake ambaye akiteremka angefika kwenye delta yenye samoni. 1997 jimbo likatia sumu, wakazi wa mji wa jirani wakipinga vikali maana ziwa hilo ndo lilikuwa chanzo chao cha maji, kemikali zikakaa muda mrefu kuliko walivyoahidiwa, ikaishia kwenye fidia. Na 1999 paiki wakaonekana tena! Kuna waliosema walinusurika, kuna waliosema mtu kawarudisha makusudi, na hapo unaona swali la pili na la tatu yanavyokutana. Kati ya hapo walijaribu nyavu, umeme, hata vilipuzi. 2007 wakarudia sumu, safari hii wakashusha kwanza maji ya ziwa, wakatibu pamoja na vijito vyote vinavyoingia, na kabla ya hapo wakakaa na wananchi muda mrefu wakieleza nini kitafanyika na maji yao yatatoka wapi. Ikakubali. Dawa ya pili haikuwa tofauti sana na ya kwanza, kilichobadilika ni ukubwa wa eneo lililofikiwa na kwamba watu wa pale hawakuwa tena upande wa pili.

Ukiacha sumu, ambayo kwenye ziwa kubwa haiwezekani kabisa, wengi wanakimbilia nyavu. Na hapa kuna kitu kinawashangaza hata wavuvi wazoefu. Kwenye Ziwa Little Moose, jimbo la New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walianza mwaka 2000 kuwatoa besi kwa nguvu kila mwaka. Matokeo yake, besi wakawa wengi zaidi kwa idadi! Wadogo lakini wengi. Kilichotokea ni kwamba wakubwa ndo waliokuwa wanakula vifaranga na kuwabana kwenye chakula, ukiwatoa wakubwa unawafungulia watoto njia, wanakua haraka, wanapevuka mapema, wanazaa. Cha kufariji ni kwamba samaki wenyeji nao walipata nafuu, kwa sababu mdogo hana mdomo wa kumeza kila kitu. Kwa hiyo ukisoma taarifa ya mradi imeandikwa "tumetoa tani kadhaa" usipige makofi bado, uliza kwanza walitoa asilimia ngapi ya waliopo, na wa umri gani, na wenyeji wanaendeleaje. Tani zinazotolewa zinapima jasho la wavuvi tu.

Nyavu zinaweza kufanya kazi ila mpaka ukubali kwamba hutaacha. Ziwa Yellowstone, Marekani, waligunduliwa trauti wa ziwa mwaka 1994. Trauti wenyeji wa pale, wale wenye alama nyekundu kooni, hupanda vijito kutaga, kwa hiyo dubu, fisimaji na ndege wote wanawategemea, wakati huyu mgeni anakaa kilindini na kutaga hukohuko ambako dubu hafiki. Yaani kamnyang'anya mwenyeji ziwa na kawanyang'anya wanyama wa nchi kavu chakula kwa mpigo. Tangu hapo wametoa trauti wa ziwa zaidi ya milioni nne kwa nyavu za makila. Idadi imeshuka, wenyeji wanarudi polepole, lakini boti haziruhusiwi kupumzika, wakiacha misimu michache tu wanarudi mwanzo. Siku hizi wanashambulia na mayai pia: trauti wa ziwa anapenda kutaga kwenye sehemu za mawe ambazo hazibadiliki sana, basi wanamwaga pale vidonge vilivyotengenezwa kwa mimea, vinaoza, oksijeni inaisha, mayai yanakufa kabla hayajaanguliwa.

Na kuna ule ujanja wa kumgeuza samaki kuwa mpelelezi. Karpi waligunduliwa 1995 kwenye maziwa mawili ya Tasmania, Crescent na Sorell. Jike mkubwa wa karpi anaweza kubeba mayai zaidi ya milioni, ukibakiza wawili hujafanya kitu. Wakafunga njia za kutokea kwa wavu wa chuma, wakazungushia nyavu kwenye vinamasi ambako karpi hupenda kutagia, halafu wakakamata madume wakawawekea transimita ndogo mwilini wakawaachia. Msimu wa kuzaliana ukifika karpi hukusanyika, dume aliyewekewa chombo anakwenda mwenyewe mpaka walipojificha wenzake, watu wanamfuata kwa antena na nyavu, wanazoa kundi zima wanamwachia yeye aendelee na kazi. Wanaita samaki Yuda. Karpi wa mwisho Crescent alitolewa 2007. Sorell ikawa kichwa ngumu, 2009 walifanikiwa kuzaa tena na kazi ikaendelea zaidi ya miaka kumi mingine. Hayo ni maziwa mawili tu, kwenye kisiwa, yenye pesa na wafanyakazi wa kudumu.

Kujua kama wameisha nayo ni sayansi yake. Zamani ulikuwa unategea nyavu, usipopata kitu unasema hawapo. Siku hizi wanachukua maji kidogo, wanayachuja, wanatafuta DNA ya mazingira, maana samaki hudondosha ute, magamba na kinyesi kila anapopita. Inagundua mapema kuliko wavu. Shida yake inakwambia DNA ipo, haikwambii imefikaje: inaweza kuwa samaki hai, samaki aliyekufa, kinyesi cha ndege aliyemla mahali pengine, au boti iliyotoka kwenye maji yenye samaki hao. Huko Chicago mabishano juu ya karpi wa Asia (nitawarudia chini), ambayo vipimo hivyo vilichangia sana kuyawasha, yalifika mpaka mahakamani.

Lakini kama kuna mfano mmoja wa kuuelewa vizuri ni ule wa lamprei. Huyu ni kiumbe mrefu kama mkunga, hana taya, ana mdomo wa duara wenye meno, anajibandika kwenye samaki mwenzake na kumfyonza. Kwao ni bahari ya Atlantiki. Maporomoko ya Niagara yalikuwa yanamzuia asifike maziwa ya juu ya Amerika Kaskazini, mpaka mfereji wa Welland ulipochimbwa na kupanuliwa ili meli zipite. 1921 akaonekana Ziwa Erie, kufikia 1938 yumo maziwa yote. Uvuvi wa trauti ukaporomoka, kutoka kama pauni milioni 15 kwa mwaka kwenye maziwa ya juu mpaka kama laki tatu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa jiulize utamfikiaje kila lamprei kwenye maziwa ambayo ukisimama pwani huoni ng'ambo. Huwezi. Waliokuja na jibu waliacha kumtafuta mkubwa wakaangalia maisha yake yote. Lamprei hutaga mitoni, na lava wake, yaani watoto wachanga, hujichimbia kwenye tope la mto miaka kadhaa kabla ya kushuka ziwani. Ina maana kuna kipindi kirefu ambacho kizazi kizima kimekusanyika mahali pembamba, hakikimbii, hakiwezi hata kuona. Basi katika miaka ya 1950 maabara moja huko Michigan ikajaribu kemikali kama 6,000 moja baada ya nyingine kutafuta inayoua lava na kuwaacha samaki wengine. Elfu sita! Wakaipata TFM, ikaanza kutumika 1958. Inafanya kazi kwa sababu mwili wa lamprei hauwezi kuivunja sumu hiyo vizuri wakati samaki wengi wanaweza, ingawa wapo wachache, kama sturjoni wachanga, ambao inabidi wachungwe. Penye mto mkubwa sana kama St. Marys wanatumia niklosamidi ya chembechembe inayozama mpaka kwenye tope, dawa hiyohiyo inayotumika kuua konokono wa kichocho.

Wamepunguza lamprei kwa kama asilimia 90. Hawajawamaliza na hawadanganyi mtu kwamba watawamaliza. Mito inatibiwa kwa mzunguko wa miaka michache kabla lava hawajakomaa, vizingiti vifupi vinazuia wazazi wasipande kutaga, wamejaribu kuachia madume waliofanywa tasa, wamejaribu hata kuiga harufu ya dume ili kuwavuta majike kwenye mitego. Na yote yanasimamiwa na tume moja ya Marekani na Kanada iliyoundwa 1955, yenye bajeti kila mwaka. Mwaka 2020 na 2021 korona ilipozuia timu kutembea, mito mingi haikutibiwa, na muda si mrefu lamprei wakaongezeka. Zaidi ya miaka 60 ya kazi, ukipumzika misimu miwili unaona tofauti.

Tukija kwenye kuzuia wasipite. Karpi wa Asia waliletwa Marekani miaka ya 1960 na 1970 kusafisha mabwawa ya ufugaji na ya maji taka, wakatoroka, wakapanda na mto Mississippi na matawi yake mpaka wakakaribia Ziwa Michigan kupitia mfereji uliofunguliwa Chicago mwaka 1900. Huo mfereji ni wa watu, kwa hiyo kinadharia unaweza kuufunga yakaisha. Ila meli za mizigo zinapita humo, na maji machafu na ya mvua ya jiji yanapita humo, kwa hiyo badala ya kuufunga wakaweka uzio wa umeme chini ya maji, wa kwanza ukawashwa 2002. Unafanya kazi, ila una matundu: samaki mdogo anapata mshtuko mdogo kuliko mkubwa, na matishari ya chuma yakipita yanapindisha umeme kiasi kwamba samaki anaweza kuvutwa kwenye upenyo kati ya matishari mawili. Ndo maana kuna mradi mwingine, mahali panapoitwa Brandon Road, wa kuchanganya umeme, kelele na mapovu.

Na vizuizi vina gharama ambayo haikai kwenye bajeti, ukimfungia mgeni mlango unawafungia na wenyeji wanaohama kwenda kutaga. Wengine wanataka mabwawa yavunjwe mito ipumue, wengine wanaomba yasivunjwe kwa sababu juu yake ndo kimbilio la mwisho la wenyeji, na wote ni watu wa mazingira. Ujanja nilioupenda kwenye hili umetoka Australia, kizimba cha Williams. Waligundua karpi akikuta kizuizi anaruka, samaki wengi wenyeji wa kule hawaruki, wanasukuma. Basi kwenye ngazi za samaki wakaweka kizimba chenye sehemu mbili, anayeruka anaangukia upande wa mtego, anayesukuma anapita zake. Hakuna umeme wala sumu, ni mtu alikaa akatazama samaki anavyofanya.

Hapa wengi huuliza, kwani si tuwale tu? Na hili swali Ziwa Victoria limelijibu kwa namna ambayo haipo kwingine. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mawazo yakiwa kwamba furu wamejaa ziwani, wadogo, miiba mingi, hawana soko, bora aje mkubwa awageuze kuwa nyama ya maana. Miaka mingi akakaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, na furu, ambao walikuwa mamia ya spishi zisizopatikana popote duniani, wakaporomoka. Makadirio yanayotajwa sana ni kama spishi 200 zilizotoweka. Haikuwa sangara peke yake, maji nayo yalikuwa yanachafuka, na furu huchaguana kwa rangi, maji yakiwa na ukungu jike hamtambui dume wake wanachanganyika. Ila yeye ndo alikuwa na mdomo.

Kisha vikaja viwanda vya minofu, ndege za mizigo kwenda Ulaya, baadaye biashara ya mabondo (vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki), na maisha ya mamilioni yakajengwa juu ya sangara. Kanuni za uvuvi zikaweka ukubwa unaoruhusiwa, sangara asivuliwe chini ya sentimita 50 wala juu ya 85, yaani wadogo wakue na wazazi wakubwa wabaki wazae. Soma tena hapo. Sheria ikawa inamlinda mvamizi! Na siwalaumu, maana ukisimama mwaloni ukamwambia mtu kwamba sangara aondoke ili furu warudi, unamwambia watoto wasile. Ajabu yenyewe, uvuvi ulipozidi miaka ya 1990 sangara wakapungua, baadhi ya furu wakaanza kurudi hasa upande wa Ghuba ya Mwanza, wengine wakiwa wamebadilika tabia na chakula. Kwa hiyo kuvua kunaweza kumpunguza vamizi, hilo ni kweli. Lakini soko likishakua linataka samaki aendelee kuwepo, na kadiri linavyofanikiwa ndivyo linavyopata watu wa kumtetea. Illinois nao mwaka 2022 waliwapa karpi wa Asia jina jipya la kibiashara, Copi, ili watu wawanunue, na kazi yao hapo ni kukuza ulaji bila kuzaa viwanda ambavyo kesho vitadai karpi wasiishe. Wengine watasema naona mbali mno, sawa, ila sangara hakuanza kama kitega uchumi.

Kinachobaki ni silaha mpya. Australia, ambako kwenye sehemu za bonde la Murray-Darling karpi ndo wengi wa uzito wote wa samaki waliomo, ilitangaza mwaka 2016 mpango wa kuachia virusi vya herpesi vinavyoua karpi, wakatengewa dola milioni 15 za kwao kwa utafiti, mpango ukatoka 2022 na bado ukasema maswali hayajaisha. Virusi vinafanya kazi maji yakiwa na joto la wastani tu. Wakifa maelfu kwa wiki moja wanaoza, oksijeni inaisha, na hao wenyeji uliotaka kuwaokoa wanakufa nao. Na watakaobaki ni wale wenye kinga, ambao, kumbuka, kila jike ana mayai zaidi ya milioni.

Jimbo la Idaho, Marekani, wanacheza na jinsia. Kawaida dume ana kromosomu XY na jike XX. Wanachukua trauti wa vijito wachanga wa kiume, wanawalisha homoni ya estrojeni wanageuka majike ambao bado ni XY, wanawazalisha na madume wa kawaida, na robo ya watoto wanatoka YY. Dume wa YY ukimwachia kijitoni akazaa na jike wa kawaida, watoto wake wote ni madume. Ukiendelea kuwaachia miaka kadhaa, huku ukipunguza wale wa kawaida, majike wanaisha wenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna jeni ya kutengenezwa maabara na ukiacha kuachia mchezo unakwisha, haujisambazi. Ubaya, unahitaji kitalu cha kuwazalisha kila mwaka, na unamwaga vamizi zaidi kwenye mto uliovamiwa, jambo ambalo kumwelewesha mwananchi ni kazi nyingine.

Zile silaha za kuhariri jeni zijisambaze zenyewe kizazi hadi kizazi ndo zinazogombaniwa zaidi, na sababu yake iko kwenye jiografia. Kila samaki vamizi ana kwao. Sangara ni mwenyeji wa Nile na Ziwa Albert na Turkana. Karpi wanaochukiwa Illinois kwao China wanahitajika. Lamprei anayetiliwa sumu kwenye mito ya Michigan ndo yuleyule ambaye Ulaya amewekwa kwenye sheria za hifadhi kwa sababu anapungua, na huko Portugal wanamjengea njia za kupandia kwenye mabwawa. Kwenye mto Connecticut, Marekani hiyohiyo, ni mwenyeji na wanamsaidia apande kutaga. TFM ikitiwa mtoni inaishia mtoni. Jeni inayojisambaza ikipata samaki mmoja aliyebebwa kwenye ndoo haina mahali pa kuizimia.